Mkoba wa Jinzi Hautakutajirisha, Shona Tu

Tuelewane mapema, wasee. Hii si ile posti ya "anza biashara na shilingi 50 uwe milionea." Mimi naishi Kianjai, niliacha chuo karo ilipogoma, na tangu nianze kutembea na mkoba niliojishonea, kila mtu ananipangia kampuni. "Uza hizo vitu! Utaomoka!"

Haya, tupige hesabu. Suruali ya jinzi ilikuwa imeraruka magoti, hiyo bure. Uzi mgumu na sindano, shilingi 50. Kushona kwa mkono, saa 4. Nikiuza 300, nabaki na 250, yaani kama shilingi 62 kwa saa, na hapo sijahesabu mkasi wala nauli. Na mtumba wa sokoni unauzwa karibu bei hiyo hiyo. Anayekuambia hiyo ni njia ya kutoka kwa umaskini anatafuta views, na views ni zake, jasho ni lako.

Sasa mbona nashona? Kwa sababu nautumia.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Ukishikwa ukiitengeneza au ukiiuza, sheria ilitaja faini ya milioni 2 hadi 4, ama jela hadi miaka 4. Tukahamia ile mifuko laini ya rangi inayokaa kitambaa. Kumbe nyingi ni polipropilini, plastiki ile ile, nyuzi zimebanwa tu kwa joto. Unanunua leo, wiki ijayo mshikio umeng'oka na viazi viko barabarani. Unanunua tena. Hiyo "kumi tu, ishirini tu" ndiyo inatumaliza pole pole.

Shosho zetu hawakuwa na hii shida. Kiondo cha katani na mkanda wa ngozi unaopita kichwani kilibeba mavuno miaka na miaka, na kilisukwa na mikono ya nyumbani. Hakuna aliyemuuliza shosho kama kiondo ni "side hustle."

Ukitaka kujaribu, fanya hivi. Fua suruali kwanza, maana pamba hurudi ikifuliwa. Fungua miguu kwa mshono wa ndani. Kila mguu, kama ni ile jinzi pana, unakupa kipande kimoja cha sm 35 kwa 40. Kilichobaki, kata mkanda wa upana wa sm 12, unganisha vipande viwili ufike kama sm 75. Kunja kingo mbili zikutane katikati, kunja tena: una mkanda wa sm 3. Weka vipande vikubwa uso kwa uso, shona pande tatu, sm 1 kutoka ukingoni, sindano ikirudi nyuma hatua moja kila mara ili mshono usifumuke. Kunja mdomo wa juu sm 3 kuelekea ndani, ushone. Geuza.

Mwisho wa mkanda ndio roho ya mkoba. Usipige mshono mmoja uende zako. Shona mraba, halafu msalaba wa pembe kwa pembe ndani yake. Hapo ndipo uzito wote unakaa. Na jinzi ikikunjwa mara nne ni ngumu, kwa hivyo vaa subana, kile kikofia cha kidole, usije ukajidunga. Kama una fundi mtaani mwenye cherehani, mwachie sehemu hiyo na umlipe vizuri. Sasa unajua kazi yake ni ngumu kiasi gani.

Kuna watu husema nimeacha vitabu nikashika sindano. Sawa. Lakini mkanda ukikatika nikiwa kwa stage, mimi najua umekatikia wapi, kwa nini, na jioni nitaurudisha. Kwa umri wetu huu, vitu vingapi maishani mwako unaweza kusema hivyo?

Angalia chini ya kitanda. Hiyo suruali bado iko hapo.