Nilipoanza Kuhesabu kwa Kilomita

Pikipiki yangu ya kwanza mpya niliinunua taslimu, baada ya miaka ya kuendesha ya mkataba na kupeleka hesabu kwa bosi kila jioni. Aliyeyapitia maisha hayo anajua nilivyojisikia pale dukani siku ile: hofu ilizidi furaha. Akiba yote ya nyumbani ilikuwa imegeuka chuma. Kwa hiyo dada wa mauzo aliponieleza kwamba kuna waranti ya nyongeza, Sh 180,000 tu, moyo ulikubali kabla hajamaliza kueleza. "Kaka, hii ni kwa ajili ya amani yako," akaniambia. Sikuwa na hela mkononi wakati ule, akanipa wiki mbili za kuamua pamoja na karatasi ya masharti.

Natoa ushuhuda huu kwa sababu zile wiki mbili zilinigeuza. Zilibadilisha ninavyoendesha, ninavyokitunza chombo na ninavyoshika pesa.

Mke wangu ni fundi cherehani, na kwake kitu kisichopimwa hakikatwi. Usiku alikaa na ile karatasi akiisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Waranti ya kiwanda, ile inayokuja na pikipiki bila malipo, ilikuwa ya miezi 12 au kilomita 12,000, kinachotangulia. Nyongeza ilikuwa inavuta hadi miezi 24 au kilomita 20,000, kinachotangulia. Akaniuliza: "Kwani kwa siku unatembea kilomita ngapi?"

Sikuwa na jibu. Sisi tuliolelewa na mkataba tunajua hesabu ya bosi, hela ya mafuta na kinachobaki mfukoni. Kilomita hakuna anayekudai. Kesho yake niliandika namba ya kwenye mita asubuhi kabla sijafika kijiweni Msamvu, nikaandika tena usiku. Kihonda, Mazimbu, Bigwa, Kilakala, na abiria mmoja wa Mzumbe kwenda na kurudi. Ilipita 120. Siku zilizofuata zilicheza humohumo, nyingine zaidi.

Mke wangu akapiga hesabu nyuma ya daftari la oda za wateja. Kilomita 120 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi, ni kilomita 3,120. Maana yake kilomita 12,000 nazimaliza kabla ya mwezi wa nne kwisha. Na zile 20,000? Mwezi wa saba. Nilimwomba arudie. Akarudia, jibu likawa lilelile. Mwaka wa pili, ambao ndio nilikuwa nauziwa, usingenifikia. Ungekuwa umekufa kabla hata mwaka wa kwanza haujaisha. Kwa mtu wa kijiwe, kilichokuwa ndani ya ile bei ni kilomita 8,000, yaani miezi miwili na nusu ya kazi.

Nataka nikae kidogo hapo, maana ndipo palipo na jambo lenyewe. Neno "miaka miwili" huandikwa kwa herufi kubwa, na neno "kinachotangulia" huja chini yake kwa herufi ndogo. Mwenye pikipiki ya kwendea kazini, anayetembea kilomita 15 kwa siku, miezi ndiyo itakayotangulia, na miezi aliyoinunua ataipata yote. Mwendesha bodaboda kilomita ndizo zitakazotangulia. Karatasi ni moja, bei ni moja, lakini kila mmoja ameondoka na kitu chake. Sioni ujanja katika hilo, mradi mnunuzi ameonyeshwa ule mstari. Mimi sikuonyeshwa. Nilionyeshwa na mke wangu.

Tulipofika kwenye orodha ya vitu visivyohusika nilimpelekea fundi wangu, mzee ambaye amefungua injini nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua mjini hapa. Alisoma taratibu: cheni na sproketi, pleti za klachi, breki, tairi, plagi, balbu, kebo, vyote nje. Betri ina muda wake mfupi peke yake. Kilichobaki ni kasoro ya kiwandani: kitu kilichotoka kiwandani kikiwa kibovu au kimefungwa vibaya. "Mwanangu," akasema, "kasoro ya kiwandani haina subira. Ikiwepo, mara nyingi itajionyesha mapema, ungali ndani ya ile waranti ya bure. Ukishavuka hapo, kinachoua injini za vijana hawa ni oili." Akaniletea pistoni aliyoitoa wiki ile kwenye pikipiki ya kijana mmoja. Ubavuni ilikuwa na michirizi mirefu kama iliyokwanguliwa kwa msumari, na ringi zilikuwa zimegandia kwenye mifereji yake, hazichezi. Oili ilikwisha ndani, mwenyewe anaendelea kupakia. Hakuna waranti inayolipa hilo, ya bure wala ya kununua, kwa sababu sharti la kwanza katika zote ni sevisi kwa wakati, kwa wakala, na muhuri kwenye kadi.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Karatasi ilisema "matumizi ya kawaida". Kubeba abiria kutwa nzima ni matumizi ya kawaida? Nilirudi dukani nikamuuliza yule dada. Akapiga simu, akarudi akasema haina shida. Nikamwomba aliandike hilo na kugonga muhuri. Hakuwa na mamlaka hayo, na sikumlaumu, lakini hapo uamuzi ulikamilika. Sikununua.

Wenzangu kijiweni wengi walidhani nimekataa bima. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu linawaumiza watu: waranti si bima. Pikipiki ikiibwa, waranti haikusaidii. Ukigongwa pale mzunguko wa Msamvu, haikusaidii. Ile bima ndogo ambayo sheria inatulazimisha kuwa nayo inamlinda mtu mwingine utakayemdhuru, haikulipii chombo chako. Wizi na ajali ndiyo mambo mawili yanayoweza kumrudisha mtu kwenye mkataba wa bosi, na yanaingia kwenye bima kubwa. Nimewaona vijana wakitoa hela ya waranti wakiamini wamejikinga na vyote hivyo.

Abiria wangu mmoja, mwanafunzi wa sheria Mzumbe, alinifungua macho kwa upande mwingine. Aliniambia kwamba muuzaji ana wajibu juu ya ubora wa alichouza hata kama hujanunua karatasi yoyote ya ziada. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema hivyo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeweka masharti ya namna hiyo kwa walaji. Sijawahi kuhitaji kwenda huko. Lakini kujua kwamba haki yangu haikuanza na zile Sh 180,000 kulinipa utulivu ambao nilikuwa karibu kuununua.

Zile Sh 180,000 ambazo sikulipa zilikwenda wapi? Mke wangu alizigawanya kwa kilomita 8,000, ikaja kama Sh 22 kwa kilomita. Akasema, "Basi jilipe wewe mwenyewe." Tangu hapo, kila usiku naandika kilomita za siku kwenye daftari langu, nazidisha kwa 20, na kiasi hicho kinaingia kwenye fungu la pikipiki ndani ya kikoba chetu. Siku ya kilomita 120 ni Sh 2,400. Ni hela ya soda na chapati, lakini haikosi. Cheni na sproketi zilipokwisha, fungu lililipa. Pleti za klachi, tairi la nyuma, fungu. Ni vitu vilevile ambavyo waranti ya nyongeza ilikuwa imeviweka nje.

Daftari limenifundisha na mengine. Oili naimwaga kwa namba ya kwenye mita, sisubiri mwisho wa mwezi wala fundi anikumbushe. Cheni naikaza na kuipaka oili kwa namba. Zamani niliendesha nikiisikiliza injini kwa wasiwasi, kila mlio mpya ulinikosesha usingizi. Sasa nafungua daftari, naona kitu gani kimetembea kilomita ngapi, na mara nyingi najua ni nini kinalia kabla sijafika kwa fundi.

Sijawa adui wa waranti ya nyongeza. Mwalimu mmoja wa Kihonda, mteja wangu wa siku nyingi, alinunua pikipiki ya kwendea shule na akaja kuniuliza. Nilikaa naye kibarazani kwake tukapima: kwenda na kurudi shuleni, sokoni, kanisani Jumapili. Kilomita zake kwa mwaka hazikufika hata 5,000. Miaka miwili yake ingekuwa miaka miwili kweli, matumizi yake ni ya kawaida bila ubishi, na karakana ya wakala iko njiani kwake. Bei nayo alikuwa amepunguziwa. Nikamwambia, mwalimu, kwako wewe nunua, ila kadi ya sevisi usiiache bila muhuri hata mara moja. Amenunua.

Ninachowaomba wenye maduka ni kidogo na hakiwagharimu kitu. Kabla hamjamtajia kijana wa bodaboda habari ya miaka, muulizeni anatembea kilomita ngapi kwa siku, kisha mpigieni hesabu palepale mezani, mbele yake, ndipo mtaje bei.