Baruku Aliandika Tena



Wengi wenu mnanijua madhabahuni. Wachache mnajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa karani katika kampuni ya kuchapisha vitabu hapa Nairobi. Sikuwa mhariri wala mwandishi. Kazi yangu ilikuwa kupokea miswada, kuiandika kwenye rejista, kupiga fotokopi, kupeleka prufu, kujibu simu za waandishi wanaouliza mirabaha yao, na kuhakikisha chai ya saa nne imefika kwenye mkutano.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza Januari, silabasi mpya ilikuwa inaingia, na wachapishaji walikuwa mbioni kupeleka vitabu vikakaguliwe katika Taasisi ya Elimu ya Kenya. Walimu wengi nao waliamua kuandika. Miswada ilikuja kwa posta, kwa basi, kwa mkono. Mezani kwangu ilijaa, nikaanza kuipanga sakafuni.

Siku moja akaja mzee, mwalimu mstaafu kutoka mashambani. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Alitoa mfuko wa plastiki, na ndani yake hadithi za watoto alizoandika kwa mkono kwenye karatasi za fulskepu. Aliziweka mezani kwa mikono miwili.

"Kijana wangu, nakala ni hii moja tu."

"Usijali, Mwalimu," nikamwambia.

Utaratibu ulikuwa rahisi: mswada ukiingia, unaupa nambari, unaandika jina na tarehe, unampa mwenyewe risiti. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini simu ililia, nikasema nitaandika jioni. Jioni ikapita.

Baada ya wiki tatu tuliambiwa tusafishe ofisi. Karatasi kuukuu zilitiwa kwenye magunia zikauzwa kwa kilo. Mwalimu alipopiga simu kuuliza, nilitafuta mpaka chini ya kabati, ndipo nikaelewa. Hadithi zake zilikuwa zimeenda na magunia. Pengine zilikuwa zinafungia watu mandazi mahali fulani.

Nilimwambia, "Bado uko kwa wasomaji, Mwalimu." Akaja mwenyewe, nikamwambia hivyo hivyo. Akaja tena. Na wakati huo, wapendwa, nilikuwa naongoza sifa kanisani. Ijumaa niko kesha, mikono juu, machozi yanatoka. Jumatatu niko mapokezi, namdanganya mzee aliyelala ndani ya basi.

Ni katika kesha moja tulisoma Yeremia 36. Mnaijua habari hiyo. Yeremia anasema, Baruku karani anaandika kwa wino. Gombo linasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu wakati wa baridi, na kila kurasa chache zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Mhubiri alitutia moyo tuwe kama Baruku. Watu wakasema Amina. Mimi nilishindwa. Katika hadithi hiyo mimi ndiye niliyekuwa Yehoyakimu. Yeye alitumia moto, mimi nilitumia gunia.

Jumatatu nilimweleza meneja. Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Kisha nikampigia Mwalimu, nikamwomba aje, nikamwambia ukweli wote uso kwa uso. Alinyamaza kwa muda mrefu. Akaomba maji. Akasema, "Miaka sita, kijana." Hakusema neno lingine.

Nilimwomba ruhusa nifanye jambo moja. Meneja alinikubalia kutumia kompyuta ya ofisi Jumamosi mchana. Mwalimu alifikia kwa binti yake Kayole, akawa anakuja, anasimulia, mimi napiga chapa. Tulifanya hivyo Jumamosi kumi na moja. Hadithi nyingine zilimpotea kabisa. Nyingine zilirudi ndefu kuliko mwanzo, na mbili zilikuwa mpya. Nilikumbuka kwamba gombo la pili la Yeremia nalo liliongezewa maneno mengi.

Ningependa kuwaambia kitabu kilichapishwa. Hakikuchapishwa. Wasomaji waliukataa mswada, na barua ya kumjulisha niliipiga chapa mimi mwenyewe. Nikampa ile nakala ya kompyuta, imejalidiwa vizuri. Aliifungua, akacheka kidogo. "Angalau wajukuu wangu watasoma bila kuniuliza hii ni herufi gani."

Mpendwa, kazi ya Mungu hupitia mikononi mwa watu ambao majina yao hayako juu ya jalada. Barua kwa Warumi tunasema ni ya Paulo, lakini aliyeshika kalamu ni Tertio. Anasalimu mara moja tu katika sura ya 16, basi. Naye Baruku alichoka akaugua, na katika Yeremia 45 Mungu anamwambia asijitafutie makuu, ila anamuahidi uhai wake popote aendako. Hakuahidiwa sifa. Aliahidiwa kwamba Mungu anamwona.

Kwa hivyo wewe karani, mpokea wageni, tarishi, mhudumu wa stoo: zile dakika mbili ambazo hakuna anayekuangalia ndizo madhabahu yako. Iandike ile rejista leo. Na kama umeshaharibu, usiongeze uongo juu ya uongo ukitumaini mzee atachoka kuuliza. Mwite, umwambie ukweli, kisha ukae chini uandike tena.

Baba, tusamehe yale tuliyopewa kwa mikono miwili tukayaweka sakafuni. Tupe ujasiri wa kusema kweli na nguvu za kuanza upya. Katika jina la Yesu, Amina.

Andika hapo chini kazi unayofanya. Jumatano kwenye maombi tutaitaja mbele za Bwana.

Mchungaji wenu.