Sakafu ya Al Hail

Baba alipojenga nyumba yetu Al Hail Kusini, katikati ya miaka ya 1980, kuta aliwaachia mafundi, lakini sakafu aliisimamia mwenyewe. Ilikuwa tarazo: saruji iliyochanganywa na chembe za mawe, ikasuguliwa kwa mashine na maji mpaka ikang'aa. Ng'ambo ya barabara kuu, Al Hail Kaskazini, bado kulikuwa na mitende na maboti ya wavuvi.

Wazee wangu waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakaingia Oman miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa nje warudi. Kwao nyumba njema ilikuwa ile ya Mji Mkongwe, yenye boriti za mikoko, na juu yake mawe, udongo na chokaa vilivyotwangwa siku nyingi hadi vikashikana. Sakafu ile ni nene, haipashiki upesi. Mama alizoea kutandika mkeka adhuhuri na kujinyoosha, na tarazo ya Al Hail ikampa raha ileile. Feni ilizunguka juu, nje joto limepita nyuzi 40, sisi watoto tumelaza mashavu chini. Siku hizo sakafu ndiyo iliyotupoza.

Kisha vikaja viyoyozi, kwanza cha dirishani chumbani kwa wazee, halafu kila chumba na chake. Hakuna aliyeuliza sakafu itakuwaje. Tuliangalia urembo. Tarazo ilionekana ya kizamani, ikafunikwa kwa marumaru ndogo za maua, na miaka ya baadaye hizo nazo zikafunikwa kwa marumaru kubwa za rangi ya maziwa. Kubomoa ni vumbi na gharama, kwa hiyo kila mara tuliongeza tabaka juu ya tabaka, na kila mara seremala akaja kukata milango kwa chini ili ifunguke.

Tarehe 26 Juni 2018, huko Qurayyat, kusini mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku kucha. Ilikuwa habari ya dunia. Majira hayohayo ya joto, Mama alikaa sebuleni amevaa soksi za sufu.

Marumaru haina ubaridi wake yenyewe. Katika chumba kilichopozwa kutwa hadi nyuzi 20, zulia na marumaru vina nyuzi zilezile, ila marumaru hunyonya joto la mguu upesi zaidi. Tena hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama chini. Anayekaa kwenye kochi, ubaridi huo haumfikii sana. Mama hula chini, huswali chini, hukunja nguo chini, na wageni wake huwapokelea chini. Vijana tuliigeuza nyumba kwa ajili ya watu wa viti, na yeye hakuwa mmoja wao.

Tukamtandikia mazulia, zulia juu ya zulia, mpaka pembe zake zikaanza kumkwaza. Kwa mtu wa umri wake, kuanguka si jambo dogo.

Ndipo mdogo wangu anayeishi Denmark akaleta shauri la kupasha joto sakafu. Mama alikwisha kumtembelea, na bafu lile la sakafu vuguvugu alilisifu mwezi mzima. Kule hupitisha maji ya moto kwenye mabomba ndani ya zege, na vyumbani uso wa sakafu hauachwi uzidi nyuzi 29. Wakorea, watu wa kukaa na kulala chini kama sisi, wamefanya hivyo kwa karne nyingi, wakipitisha moshi wa jikoni chini ya vyumba. Kwetu ingetosha kutandaza nyaya za umeme juu ya marumaru, kisha kuweka tabaka la nne.

Nililifikiria kwa moyo wote, kwa sababu ningempa Mama chochote. Lakini ardhi ya Muscat ni ya joto mwaka mzima. Sakafu yetu haikupata baridi kutoka chini kama ya Denmark. Baridi yake ilitoka kwenye mashine iliyotundikwa ukutani, na tungelipia umeme wa kuipoza, kisha umeme wa kuipasha. Nilipomweleza, Mama alisema, "Sasa mwanangu, si mpunguze kwanza hicho kinachoipoza?"

Chumbani kwake kiyoyozi sasa kiko nyuzi 26, mapezi yake yameelekezwa juu, na feni imerudishwa darini. Mazulia tumeyatoa, tumebakiza moja lenye kitambaa kinene chini yake, lisiloteleza. Soksi amezivua. Sebuleni bado tunashindana na wajukuu wanaotaka nyuzi 18.