Mwani Miyuji

Nilifika Miyuji, kaskazini mwa mji wa Dodoma, mwezi wa Agosti, na siku ya kwanza tu jua likanihadaa. Kwetu pwani, Jambiani, jasho hutangulia. Hujaungua, tayari umekimbilia kivulini. Hapa upepo mkavu unavuma kutwa, ngozi inapoa, nawe unajiona salama. Jioni pua ilikuwa imebabuka na midomo imepasuka. Ni juu huku, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mionzi hufika ikiwa na makali zaidi.

"Mbukwa," husalimiana wenyeji, Wagogo. Nyuso za watoto zinang'aa mafuta ya mgando, wazee wamevaa pama. Kwetu mwanamke aendaye kwenye mwani hujitanda kanga, akaweka kofia ya ukili juu yake.

Nilimpelekea shangazi, aliyeolewa huku, sabuni ya mwani yenye karafuu na fungu la mwani mkavu, ule tunaoulima tangu 1989. Fungu akalichemsha bila kuniuliza. Akachovya mwiko, akauinua: uteute ukaning'inia kama uzi.

"Mwanangu, huu si mlenda?"

Wagogo hukausha majani ya mlenda, wakayatwanga yawe akiba ya kiangazi. Sisi hukausha mwani, tukauza kwa magunia.

"Nikijipaka uteute huu, jua halitanibabua?"

Hapo nilipima maneno. Mwani hauna pa kukimbilia. Maji yakipwa, unabaki juani. Jamii nyingi za mwani mwekundu hujitengenezea maikosporini, kemikali zinazomeza mionzi ya urujuanimno kabla haijaharibu DNA ya seli. Ulaya huzikamua kutoka kwa Porphyra, mwani wa jamii moja na ule ambao Wajapani hufungia wali, na kuzitia kwenye krimu. Lakini uteute wa sufuriani hauna kipimo, na sabuni huishia kwenye beseni. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kumficha.

Mtoto wa jirani ana ualbino. Yeye hupakwa Kilisun, krimu ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Kumbe ujuzi tunao nchini, na mwani tunao. Inaniuma kuuona ukipakiwa bandarini ukiwa mkavu vile vile kama ulivyotoka kwenye chanja.

Shangazi alijipaka uteute mgongoni mwa mkono. Chai haijaisha, upepo wa Miyuji ulikuwa umeshaukausha ukawa utando mwembamba. Akaubandua kwa ukucha, kisha akamwita mtoto wa jirani arudi kuchukua kofia yake.