Dakika 48 kwa Wiki

Ukiniona Jumatatu asubuhi nimeinamia simu huku nimekunja uso, usidhani mkeka umechanika. Sibeti. Naangalia tu kama timu yangu ya mpira wa kikapu imepata hela ya mishahara wiki hii. Timu yenyewe haina jezi wala uwanja unaoweza kuutembelea. Ipo mtandaoni, kwenye mchezo unaoitwa BuzzerBeater, na mimi ndiye mwenye klabu, kocha na mhasibu wake.

Wana wa bweni letu hapa Kizumbi wameshazoea. Siku hizi wengine wananiuliza wanaanzaje, na kila anayeanza namwona anakimbilia yaleyale. Nimeona niyaandike hapa mara moja, nisije nikayarudia kila tukikutana kwa mama ntilie. Nina sababu ya pili pia, nayo inamhusu mdogo wangu na duara moja la dhahabu huko kwetu Nyarugusu. (Nyarugusu ya Geita, siyo ile ya kambi kule Kigoma.) Hiyo nitaifikia.

Kwanza mchezo wenyewe. BuzzerBeater ulianza mwaka 2007. Usitegemee picha za kung'aa, na wala huchezi kwa vidole kama PlayStation. Unapewa wachezaji wa kubuni, uwanja mdogo na fedha kidogo za mchezo, kisha unawekwa kwenye ligi ya timu 16. Wapinzani wako ni watu kama wewe, kila mmoja kwenye kioo chake. Msimu una wiki 14. Kila wiki kuna mechi mbili za ligi, na katikati ya wiki kuna nafasi ya mechi moja ya kombe au ya kirafiki. Mechi inachezwa muda wake ukifika, uwe macho au uwe umelala. Kazi yako ni kupanga kabla na kusoma matokeo baadaye. Kurasa zake ni maandishi zaidi, kwa hiyo hata bando la kuungaunga linatosha.

Jambo la kwanza ninalowaambia wageni: usikimbilie mnadani. Wachezaji wananunuliwa kwa mnada, na siku ya kwanza tu utamwona jamaa wa miaka 32, kikapu anakijua kweli, bei yake imeshuka hadi unajiuliza kwa nini wenzako hawamwoni. Wanamwona. Wameshapiga hesabu ya mshahara wake. Bei ya mnada unailipa mara moja, lakini mshahara unatoka kila wiki, na mtu wa umri huo anashuka kiwango na thamani kwa pamoja. Utashinda mechi chache, halafu utabaki na mzee usiyeweza kumuuza na kibubu kitupu.

Sisi tuliokulia Geita jambo hili tunalijua kwa jina lingine, rashi. Ikisikika kwamba mahali fulani pametema, watu wanauza ng'ombe, wanauza shamba la mpunga, wanapakia godoro kwenye bodaboda na kuondoka usiku. Wa kwanza kufika huwa wanapata. Lakini habari ikishafika hadi kwenye kijiwe chenu cha kahawa, ujue mawe mazuri yameshapita kwenye karasha za watu wengine.

La pili ndilo moyo wa mchezo: fundisha vijana, na fundisha wachache. Kila wiki unachagua ujuzi mmoja wa kufundisha, tuseme kurusha au kulinda au kudaka mipira inayogonga ringi. Unachagua pia nafasi ya uwanjani itakayopata mafunzo hayo. Kijana anafaidika kikamilifu akicheza dakika 48 kwenye nafasi hiyo ndani ya wiki. Sasa piga hesabu. Mechi moja ina dakika 48. Mechi tatu kwa wiki ni dakika 144. Maana yake nafasi moja inatosha vijana watatu tu. Ukiwabana wanne au watano, wote wanapata nusunusu, na mwisho wa msimu huna hata mmoja aliyeiva.

Kwa hiyo chukua watatu wa miaka 18 au 19, maana mdogo anashika haraka kuliko mkubwa. Angalia na urefu. Mfupi hujifunza upesi pasi na kudunda mpira, mrefu hujifunza upesi kazi za chini ya ringi. Angalia pia kile kipengele cha kipaji, kwa sababu kila mchezaji ana dari yake, akiigonga mafunzo yanaanza kwenda kama gari kwenye matope. Halafu vumilia. Timu yenye vijana watatu wa miaka 18 inafungwa. Msimu wangu wa kwanza tulifungwa sana, na sikujali, maana sikuwa nacheza msimu ule.

Habari ya dakika inanikumbusha Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Vijiweni anatajwa kwa kicheko. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Basi watu wanacheka: wa pili, mbele ya Curry! Mimi nikishika simu yangu siwezi kucheka. Huyu ni mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Miaka kama saba baadaye yuko kwenye ligi kubwa kuliko zote, ana mita 2.21, na msimu wake wa kwanza anapewa wastani wa dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 wakamshusha kwa muda kwenye ligi ya maendeleo. Sisemi angekuwa Curry. Ninachosema ni kwamba kijana aliyechelewa kuanza ndiye anayehitaji dakika kuliko wote, na timu inayotaka kushinda leo ndiyo isiyo na dakika za kumpa. Kwa macho ya mwenye klabu hayo ni maamuzi mawili tofauti, kumchagua mtu na kumpa muda. La kwanza linapigiwa makofi, la pili linakugharimu mechi.

Mengine nitayasema haraka. Mshahara wa mchezaji haupandi kila anapoboreka, unasubiri msimu mpya, kwa hiyo kijana unayemfundisha sasa unamtumia kwa bei ya jana. Kabla msimu haujageuka, jiulize nani hutaweza kumlipa. Ukiuza, angalia kwanza waliofanana naye wameuzwa kwa kiasi gani. Wachimbaji wadogo wa kwetu waliipata faida hiyo Machi 2019, soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mjini. Mtu akapata mahali pa kupimiwa mzigo wake na kuona bei ya siku, badala ya kumsikiliza mnunuzi mmoja tu machimboni. Hela ikizidi, ongeza viti uwanjani, maana viingilio vya mechi za nyumbani ndivyo vinavyokulisha. Na siyo kila mechi ya kujitoa mhanga. Mchezo unakuruhusu kuwaambia wachezaji wacheze taratibu, wakatunza morali kwa mechi inayouma. Nani asiyejua hilo wiki ya test tatu?

Sasa duara.

Kwa asiyejua, duara ni shimo la uchimbaji, lakini ni kampuni pia. Kuna mwenye eneo, kuna mwenye duara, kuna anayefadhili chakula, matimba ya kuzuia ngema na mafuta ya pampu, na kuna wanaoshuka. Wanaoshuka kwa kawaida hawana mshahara. Wanakula, wanachimba, na mawe yakipatikana wanagawana mifuko kwa mafungu mliyokubaliana. Yasipopatikana, walichopata ni ule ugali.

Desemba iliyopita nilipofika nyumbani nilimkuta mjomba amekaa na mama. Mjomba wangu siyo tapeli. Ameingia machimboni kabla mimi sijazaliwa, na bati lililo juu ya nyumba ya mama lilitokana na mifuko yake. Safari hii alikuwa na duara ambalo mkanda wa dhahabu umeonekana kwa jirani na unaelekea kwake. Alihitaji fedha ya pampu, matimba na chakula cha miezi miwili. Alijua mama ana akiba ya mchele, na alijua ndani ya akiba hiyo kuna ada ya mwaka wa mwisho ya mdogo wangu, anayesoma ufundi umeme. Mama angepata fungu lake. Mdogo wangu angeacha chuo, angeshuka, angepata fungu lake pia.

Mdogo wangu alishakubali. Ana miaka 19, wenzake wana bodaboda mpya, yeye ana bisibisi.

Mama akaniambia, "Wewe unayesoma hesabu za biashara, sema." Nikachukua daftari, nikafanya ninachofanya kila Jumatatu. Nikaandika kinachotoka kila wiki: mafuta, unga, maharage, dawa. Nikaandika kinachoingia: hakuna, mpaka mkanda ufike. Halafu nikamuuliza mjomba, kwa heshima, usipofika kwa wiki kumi, wiki ya 11 inalipwa na nani?

Mjomba aliliangalia daftari muda mrefu. Akasema, "Hesabu zako nzuri, mjomba. Ila hizo za kwenye simu, timu ikifungwa leo kesho inacheza tena. Na hakuna anayefukiwa."

Ilikuwa jibu la kunishinda, na lilinishinda kweli. Lakini mama alilisikia kwa upande mwingine. Kwetu hakuna asiyekumbuka Nyangalata, kule Kahama, mwaka 2015, watu watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mama aliacha daftari. Akauliza kitu kimoja tu: "Na huyu atashuka kama wengine?" Mjomba hakumdanganya. Akasema, "Kama wengine, dada."

Ada ikabaki ada. Mama akampa mjomba kiasi kidogo cha mchele wa kulishia watu wake, bila kudai fungu. Mdogo wangu hakunisemesha hadi narudi chuo. Nikimtumia meseji, tiki mbili za bluu, kimya.

Mwezi wa tatu akanitumia picha. Mifuko ya mawe, nimeihesabu, 23, imepangwa mbele ya karasha. Hakuandika neno. Duara la mjomba lilikuwa limetoa.

Sijafuta ile picha. Wapo watakaosema basi tulikosea, na siku ile mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mimi bado naona ule uamuzi ulikuwa sahihi kwa tulichokijua Desemba, na mifuko 23 haiwezi kurudi nyuma kuubadilisha. Kwenye timu yangu nimewahi kumpa dakika zote kijana ambaye mwisho wa siku aligonga dari mapema, na jirani yangu wa ligi akaokota mzee mnadani akachukua naye ubingwa. Hutokea. Mwenye klabu anapimwa kwa alichofanya na dakika alizokuwa nazo, na dakika za mdogo wangu ni mwaka mmoja wa chuo ambao hakuna mnada unaouuza tena. Pampu mama angeweza kuichangia hata msimu ujao.

Ameanza kunijibu meseji. Yuko fildi, kwenye karakana inayosuka upya mota zilizoungua, na mota nyingi wanazoletewa zinatoka machimboni. Wiki iliyopita aliniuliza, kwa kejeli kidogo, vijana wangu watatu wanaendeleaje. Nikamwambia wawili wanakuja vizuri, wa tatu simwelewi. Akaniandikia: "Mpe muda huyo, bro."

Basi, wewe unayeanza leo. Acha mnada. Tafuta watatu, chagua nafasi moja, na kabla hujalala hakikisha umepanga mechi ya kirafiki ya katikati ya wiki. Wengi wanaisahau kwa sababu haina pointi. Bila hiyo unabaki na dakika 96, na mmoja kati ya vijana wako watatu anakaa benchi wiki nzima.