Bei na Thamani

Mnada ni mwalimu mkali. Humfundisha mtu kwa saa moja jambo ambalo rafiki zake walishindwa kumfundisha kwa mwaka mzima. Mimi nilipata somo langu katika mnada wa mashine kongwe za boti, zile zinazofungwa nyuma ya chombo, penye tezi, na kuteremsha rafadha majini. Somo hilo lilinifikia nimekwisha kukosa. Nalieleza hapa ili msomaji kijana alipate mapema.

Ami yangu alikuwa mvuvi wa Lamu. Katika ujana wake alikwenda baharini kwa tanga na pondo. Mwaka 1970 alinunua mashine kuukuu ya Seagull, iliyoundwa Uingereza. Ilikuwa mashine isiyo na pambo lolote. Ili kuiwasha alizungusha kamba juu ya gurudumu lake, akaivuta kwa nguvu. Ikikataa, aliizungusha na kuivuta tena. Ilinywa petroli iliyotiwa oili, kipimo kimoja cha oili kwa vipimo kumi vya petroli, hata moshi wake ukatangulia kuonekana kabla ya boti yenyewe. Kila mwaka, kusi ilipopita salama, ami alichora mstari mmoja juu ya tangi la mafuta kwa ncha ya kisu. Tangi lile lilikuwa daftari lake. Alipofariki mwaka 1993, mistari ilikuwa 23.

Mjane wake alinikabidhi mashine niiuze, fedha zisaidie karo za watoto. Mgeni mmoja, mpenda vyombo vya kale, alikwisha kuiona zamani na kutaja bei njema. Mimi nilikuwa kijana mwenye bidii kuliko busara. Nilidhani bei njema ingekuwa bora zaidi kama mashine ingependeza. Nikaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikaipaka rangi nyekundu, nikaisimamisha ukumbini kama bibi arusi. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami kinyemi nilikiona, kidonda sikukiona.

Mgeni alipokuja aliizunguka mashine mara mbili, akapitisha kidole juu ya tangi, akanyamaza kitambo. Kisha akataja nusu ya bei yake ya kwanza. Nilimdhania kuwa mjanja, lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa, nikapokea. Fedha hazikutosha. Mtoto mmoja wa ami alikaa nyumbani muhula mzima.

Ili bei za mashine hizi zieleweke, yafaa asili yake ijulikane. Si mtu mmoja aliyezibuni. Mfaransa Gustave Trouvé alijaribu mashine ya umeme katika mto Seine mwaka 1881, na Mmarekani Cameron Waterman aliuza mashine za petroli kabla ya mwaka 1909. Lakini jina lililovuma ni la Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Marekani. Husimuliwa kwamba siku moja ya joto, mwaka 1906, alipiga makasia kuvuka ziwa ili amletee mchumba wake Bess aiskrimu, na aiskrimu ikayeyuka kabla hajafika. Hapo akawaza kuhusu chombo cha kumpunguzia mtu kazi ya mikono. Mwaka 1909 alianza kuuza mashine zake mjini Milwaukee. Zilikuwa na nguvu za farasi mmoja na nusu, uzito wa ratili 62 na bei ya dola 62. Bess, aliyekuwa mkewe wakati huo, alishughulikia barua na matangazo ya biashara. Basi mashine iliuzwa dola moja kwa ratili moja, kana kwamba ni samaki sokoni! Leo, mashine za miaka ile ya kwanza zikinadiwa, wakusanyaji hushindana kwa fedha zisizolingana hata kidogo na uzito wa chuma.

Mwaka 2006 masomo yalinipeleka kusini mwa Uingereza. Siku moja nilihudhuria mnada wa vyombo vya baharini, nikaona mashine mbili za Seagull za umbo moja. Ya kwanza iling'aa kama sahani mpya. Ya pili ilikuwa imebanduka rangi, na maandishi ya kiwanda yalisomeka kwa shida. Dalali aliponadi ya kwanza, mikono michache iliinuka ikashuka. Aliponadi ya pili, watu wawili walishindana mpaka ukumbi ukatulia. Nyundo ilipogonga, bei yake ilikuwa mara tatu ya bei ya mwenzake. Nilimwuliza mzee aliyeketi kando yangu sababu ya maajabu hayo. Alinijibu kwamba mashine yaweza kupakwa rangi siku yoyote, lakini rangi ya kwanza hupakwa mara moja tu.

Kwa siku zilizofuata nilijifunza mengine. Mashine iliyotengenezwa kwa maelfu huwa rahisi, hata ikiwa na umri mkubwa, kwa kuwa umri peke yake hauleti bei, uchache huleta. Mnunuzi hutazama kama viungo vyote ni vya asili, kama nambari iliyopigwa katika chuma inasomeka, na kama gurudumu linazunguka. Lakini hayo yote hayatoshi pasipo watu wawili wanaotamani kitu kimoja kwa saa moja. Akiwapo mmoja tu, kitu adimu huenda kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo bei ya mnada wa leo si sheria kwa mnada wa kesho. Naye mnunuzi asisahau kwamba juu ya bei iliyogongewa nyundo huongezwa ujira wa wenye mnada. Wengi wameshinda mashindano wakashindwa na hesabu.

Wako pia wakusanyaji wasiotazama bei. Huko Marekani chama cha wapenzi wa mashine hizi kiliundwa mwaka 1965, na wanachama wake hukutana kando ya maziwa kuziwasha na kuziendesha. Kampuni iliyokuwa ikiunda mashine za Evinrude iliacha kuziunda mwaka 2020, lakini nyingine za zamani zingali zinanguruma majini kwa sababu watu hao hawakuziacha zife.

Niliporudi Lamu nilimweleza mjane wa ami kosa langu. Hakunilaumu kwa fedha. Alisema, "Mwanangu, mistari ile tukiihesabu pamoja kila mwaka. Kila mstari ulikuwa kusi moja aliyorudi nyumbani." Nilikosa la kusema. Nilikuwa nimehuzunika kwa sababu ya bei. Yeye alikuwa amepoteza kitu ambacho hakuna dalali angeweza kukinadi.

Msomaji kijana, huenda katika nyumba yenu kuna kitu kikuukuu kilichokwaruzwa. Kabla hujashika msasa, waulize wazee kama huo ni uchafu au ni maandishi.