Mizani za Msondo

Baba yangu mdogo, ambaye hadi leo analima viazi mviringo pale Ikonda, wilayani Makete, aliwahi kuniambia neno lililoniudhi kwa miaka mingi. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo nikiwa na daftari, na katika daftari hilo nilikuwa nimenakili kwa mkono maneno ya wimbo mmoja wa bendi aipendayo kuliko zote, Msondo Ngoma. Nilimwonyesha kwa kalamu nyekundu jinsi mishororo isivyolingana, vina vinavyochomoza na kutoweka, ubeti mmoja mrefu na mwingine kama uliokatwa kwa shoka. Nikatamka, kwa ujasiri wa kijana aliyetoka kusoma kitabu cha Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kwamba huo haukuwa ushairi. Akalitazama daftari, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "huo wimbo umeusoma. Hujausikia."

Niliona ananionea. Kuusikia nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, tena kwenye redio yake mwenyewe. Wasomaji waliokulia nyanda za juu watakumbuka taabu ya redio za betri. Kipupwe cha Juni na Julai kwetu hugandisha umande juu ya majani ya viazi, na betri nazo huishiwa nguvu upesi. Basi tulizianika juani tangu asubuhi, juu ya bati, ili jioni zipate uhai wa nusu saa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitufikia kwa kuja na kupotea, kama mtu anayezungumza huku akipanda na kushuka kilima. Spika yake haikuzidi kisahani cha kikombe. Besi haikupita humo, wala tumba. Zilizopita ni sauti za waimbaji, na ndiyo sababu maneno niliyajua yote.

Yeye alikuwa na hoja nyingine ambayo hakuitumia siku ile. Katika ujana wake aliuza duka la mtu Kariakoo kwa miaka miwili, kama walivyofanya vijana wengi wa Kikinga, na ujira wake mwingi ulikwisha kwenye viingilio vya dansi. Wakati huo bendi iliitwa JUWATA Jazz. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA, baadaye OTTU. Msondo lilikuwa jina la mtindo wao tu. Leo ndilo jina lililobaki. Wapenzi wa lugha watapenda jambo hilo: majina ya waajiri, yaliyoundwa ofisini kwa herufi za mwanzo, yamefutika yote, likaishi neno la ngomani. Mzee mmoja wa Pwani, aliyempeleka mkewe kutibiwa katika hospitali yetu ya Wamisionari wa Consolata, ndiye aliyenieleza kwamba msondo ni ngoma ndefu. (Hospitali hiyo huwaleta Ikonda watu kutoka kila pembe ya nchi. Kiswahili changu, kama kina uzuri wowote, kwa sehemu kubwa nilikiokota kwa ndugu za wagonjwa waliokuwa wakiota jua nje.)

Miaka ikapita. Baba mdogo goti likamkataa, safari ya kufika Njombe tu ikawa kazi, sembuse Dar es Salaam. Januari moja nikiwa na shughuli zangu jijini alinipigia simu. Nikamwamkia "kamwene", naye bila hata kuniuliza habari za kazi akasema amesikia Msondo watapiga Jumamosi. "Nenda kanisikilizie." Hakusema nenda kasikilize. Alisema kanisikilizie, na ile *ni* ndogo katikati ya neno ndiyo iliyonipeleka.

Palikuwa mahali pa wazi upande wa Temeke: uwanja wa mchanga, viti vya plastiki, miembe miwili, moshi wa mishikaki. Joto la kiangazi lilikuwa halijapungua ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nilifika mapema nikakaa nyuma, mshamba mwenye shati la mikono mirefu. Walionizunguka walikuwa watu wazima, wengi wa umri wa baba mdogo: akina mama waliojifunga vitenge vya sare, wazee waliovaa viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya usiku huo. Wanamuziki nao walipanda jukwaani bila haraka. Mpiga gitaa mmoja alivaa miwani kwanza, ndipo akakaza nyuzi.

Nyimbo mbili za mwanzo zilinipita. Ya tatu ilikuwa ile ya daftari langu.

Nilianza kuhesabu, mazoea hayaachi. Mwimbaji akaimba mshororo wa kwanza, nikahesabu mizani kwa vidole juu ya goti. Akaimba wa pili, ule mfupi, ule niliouwekea alama nyekundu. Akanyamaza. Na hapo, mahali nilipoandika miaka ile kwamba mizani zimepungua, gitaa la solo likajibu. Halikuwa pambo. Lilitembea nukta kwa nukta hadi pale mshororo wa kwanza ulipoishia, likasimama hapohapo, mwimbaji akaingia. Ubeti uliofuata, pengo likajazwa na tarumbeta. Uliofuata tena likaachwa tupu, besi peke yake ikipita chini kwa chini, na utupu huo nao ulikuwa na kipimo chake, maana umati mzima ulijua ni lini uvute pumzi. Ubeti "uliokatwa kwa shoka" ulikuwa mzima. Nusu yake ilikuwa imekabidhiwa watu wasiotumia maneno, na ile spika ya kisahani haikunipa nusu hiyo hata siku moja.

Nimeusoma mgogoro wa ushairi wetu wa miaka ya 1970, tangu Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, nikashabikia upande wa wanamapokeo. Sisemi kwamba nimehama. Bado naamini shairi la kusomwa linapaswa kujibeba lenyewe, na nyimbo nyingi za dansi zikiwekwa kwenye karatasi huanguka. Lakini tulizoea kubishana kana kwamba kuna aina mbili tu, lenye vina na lisilo na vina, na wote wawili tulikuwa tunahesabu kwa macho. Mzee wa viazi alikuwa na mizani ya tatu.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia. Sauti nilizozijua redioni, nyingine hazipo tena. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Muhidin Gurumo mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017. Ulipopigwa "Piga Ua", ule wa madai ya talaka uliokuwa wa Moshi, kijana aliyeimba alifika mahali fulani akaisogeza maikrofoni mbali na mdomo wake. Hakupunga mkono wala hakuomba tumsaidie. Watu wakaimba. Mama aliyekaa mbele yangu aliimba huku amefumba macho na kuchomoa noti kwenye kibindo, akaenda kutuza, akarudi bado anaimba, bila kukosa silabi. Wimbo ulipoingia kwenye chemko viti vikabaki vitupu. Nami nilisimama. Nacheza vibaya, hilo wasomaji wanisamehe.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimetumwa. Nikampigia baba mdogo, nikainua simu juu ya kichwa. Nilipoirudisha sikioni sikusikia kitu ila mvua. Januari kwetu ni masika, na mvua ya Ikonda juu ya bati hunyamazisha hata mahubiri. Nikaita, "Baba! Unasikia?"

"Usikate," akasema. "Inua."

Nikainua mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Salio lilipokwisha sikujua ni lini.

Asubuhi alinipigia yeye. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa habari ya daftari, maneno nimeyapanga vizuri kama ilivyo desturi yetu sisi wa kalamu. Hakunipa nafasi. Alikuwa ameona tofauti moja katika chemko la mwisho, akasema zamani hawakuwa wakiliingiza namna ile, na akataka kujua kilichobadilika.

"Tarumbeta zilikuwa mbili au tatu?" akauliza.

Sikuwa nimehesabu.